Mahudhurio ya Saa Mbili

Kila siku saa mbili asubuhi, sisi tunaoishi kwenye mashua za matanga katika visiwa hivi huitwa redioni kwa majina ya mashua zetu. Anayeita ni mama mmoja aliyestaafu ualimu, naye hutuita kama watoto wa darasa la tatu. Unataja ulipo, anaandika. Ukinyamaza, anakusubiri dakika nzima, kisha anaendelea. Jina halifutwi mpaka ndugu yako aseme lifutwe.

Mdogo wangu alikuwa amenyamaza siku kumi na tisa. Ni kitinda mimba wetu, na mashua yake aliipa jina Haraka, ingawa hata kasa angeipita. Alisafiri peke yake kwa sababu hakuna aliyeweza kuvumilia miluzi yake. Mimi na mume wangu tulimtafuta kisiwa baada ya kisiwa. Nyumbani, mama alikataa kuomboleza. "Dada yake akisema amekufa, nitaamini," aliwaambia watu, nao wakanipigia simu mmoja mmoja kunishauri niseme. Nilimkatia simu hata shangazi. Walitaka nitamke jambo ambalo mimi mwenyewe sikuthubutu kuliwaza.

Siku ya ishirini tuliamka kwenye ghuba tuliyoingia jana yake katika mvua kubwa. Mvua ilikuwa imekatika, bahari shwari, na hakukuwa na ndege hata mmoja. Nilikuwa nimeamua kusema. Mama hali, halali, anashinda mlangoni na simu mkononi, na mwenye kumtoa pale ni mimi tu. Mume wangu, tunayemwita Profesa kwa kuwa hakosi maelezo, aliniwekea chai kando ya redio.

"Haraka?" Mwalimu aliita, ya mwisho kama kawaida. Nikashika kipaza sauti.

"Nipo," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti yake, pamoja na mafua yake yasiyoisha. Alitaja tarakimu za mahali alipo, polepole, kisha kimya. Nilijikuta nimeziandika. Nilicheka kwa furaha, sioni haya kusema, nilicheka mpaka chai ikamwagika. Profesa hakucheka. Alizisoma zile tarakimu, akatazama kioo chetu cha ramani, akazisoma tena.

"Mke wangu," alisema, "hapo ni hapa tulipo."

Nikapanda juu mbio. Ghuba ilikuwa tupu, hakuna mashua nyingine. Nikainama ukingoni. Maji yaliyokuwa tope jana yake sasa yalionyesha mpaka chini. Mita kumi hivi chini yetu mlingoti ulilala mchangani, na tanga lilikuwa likijaa na kunywea taratibu kana kwamba linapumua. Niliuona mshono wa uzi mwekundu. Niliushona mimi, maana ndiyo kazi yangu, kushona matanga, na siku ile uzi mweupe uliniishia.

Sikupiga kelele. Kwanza nilimkasirikia, siku zote hizo tunahangaika naye yuko hapa. Kisha uchungu ukanishika, nikashuka ngazi nikiishikilia kwa mikono miwili.

"Mwalimu," nilisema, "ifute Haraka."

"Lakini amejibu, mwanangu. Sote tumemsikia."

"Niko juu yake. Mashua yake naiona. Ifute, mama yetu apate kulia."

Tukasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Kisha akakohoa na kuanza kuyasoma majina yote upya kutoka juu, ndivyo afanyavyo daftari linapobadilika. Mashua ziliitika moja moja, kwa sauti za chini. Tulipofikiwa, Profesa aliitika kwa niaba yetu, maana mimi nilikuwa nalia. Mwalimu akafika mwisho, akatutakia siku njema.

Kabla hajaondoka hewani, ile sauti ilirudi, safari hii ndogo, ya mtoto aliyekaa nyuma kabisa ya darasa.

"Mwalimu," ilisema, "hujaniita."