Mguu Nje ya Mstari

Barua ya tatu niliandikiwa kwa kosa la mguu wangu wa kushoto. Haukuiba kitu wala haukumpiga mtu teke, ingawa siku ile hamu ulikuwa nayo. Ulivuka mstari wa njano.

Mimi ni mpiga pasi katika kiwanda cha nguo. Tunasimama mbele ya mashine za mvuke, miguu yote miwili ndani ya mstari uliochorwa sakafuni, tangu asubuhi hadi jioni. Mnyapara wetu hupita nyuma yetu akifoka, "Wima! Wima!" mpaka tukambandika jina, Bwana Wima. Viti hakuna, eti vinaleta usingizi. Yeye anacho, tena cha magurudumu.

Dada yangu alisimama kwenye mashine hiyohiyo yangu miaka kumi na moja. Kisigino kilipoanza kumchoma alificha, akawa anakanyagia vidole ili asionekane anachechemea. Siku kilipomshinda akaketi juu ya furushi la suruali, na siku hiyohiyo akafukuzwa. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, alitoka akinyata kwa ncha za vidole, na Bwana Wima akamfungulia geti huku anatabasamu. Tabasamu lile sijalisahau, na sitaki kulisahau.

Mazoezi ya kunyoosha mguu alikuja kuonyeshwa baadaye, na mtaalamu wa viungo, wakati kazi imeshamponyoka. Kwa hiyo kisigino changu nacho kilipoanza, ule mchomo wa hatua ya kwanza asubuhi kama umekanyaga msumari, dada hakunipa hata pole.

"Usifanye ujinga niliofanya mimi," alinifokea. "Simama hapo ukutani, sasa hivi!"

Nikasimama. Na kazini pia nilifanya. Mashine ikishafunika suruali hukaa nusu dakika ndipo ilie, na nusu dakika hiyo hatuna kazi ila kuikodolea macho. Nikawa nashika ukingo wa meza, narudisha mguu nyuma, kisigino chini, mashine inanihesabia. Sikuchelewesha hata suruali moja. Baada ya wiki kadhaa nilianza kushuka kitandani bila kuuma meno.

Bwana Wima yeye aliona mstari tu. Barua mbili za kwanza nilitia sahihi kimya. Ya tatu ni ya kufukuzwa, na kwa utaratibu wa kiwanda hubandikwa mlangoni siku saba, kila mtu asome aibu yako, kisha unaondoka. Chini yake pana nafasi ya maelezo ya mfanyakazi. Wote huandika "Naomba msamaha", ndiyo maana Bwana Wima hasomi.

"Andika upesi," alisema.

Niliandika mpaka karatasi ikajaa:

"Viganja ukutani. Mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegusa chini. Kunja goti la mbele mpaka shavu la mguu wa nyuma livutike. Hesabu thelathini, mara tatu, kila mguu. Asubuhi kabla hujashuka kitandani, pitisha taulo chini ya vidole, uvute. Jioni viringisha chupa ya maji baridi chini ya unyayo. Anza kabla hakijauma. Usifiche."

Akaibandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake foleni ya kuingia ilikwama. Mama mmoja wa kitengo cha vifungo aliisoma kwa sauti, na watu wakawa wanaegemea ukuta, mguu mmoja nyuma. Kumbe nusu ya kiwanda ilikuwa inaficha visigino! Siku ya nne, mashine zilipofunikwa, miguu kumi na miwili ilivuka mstari kwa pamoja. Bwana Wima akakimbilia mlangoni kuichana barua.

"Siku saba, mzee," karani akamzuia. "Sahihi ni yako."

Usidhani nilisamehewa. Siku ya nane alinisindikiza mpaka getini.

"Nani alikufundisha uhuni huu?"

"Dada yangu. Yule uliyemfungulia geti hili."

Safari hii hakutabasamu. Nikapita mbele yake nikitanguliza kisigino, kwa kishindo, asikie kila hatua.