Slaidi Zilizokauka

...kwa sababu ni mimi niliyeziacha zikauke, slaidi zile za mwezi wa tano, siyo joto, siyo shetani, ni mimi Evaresta, simu mkononi, namjibu Fransiska kwenye grupu la kwaya kuhusu vitenge vya Pentekoste, kwamba zambarau ni ya Kwaresima na asiyejua liturujia anyamaze, na nilivyofurahi kuliandika hilo, huku majimaji ya titi la mama wa watu yanakauka juu ya kioo, na kazi yangu yote ni hiyo tu, daktari anavuta kwa sindano, anapaka kwenye kioo, ananipa, natumbukiza kwenye spiriti, papo hapo, seli zikipigwa na hewa hazisomeki tena, hata mtoto wa darasa la saba angeweza... na leo huyu hapa kitandani, Mama Sinyati, katoka kule nyuma ya mlima, kivimbe kilichokuwa punje ya harage sasa ni limau, na ngozi imevutwa kwa ndani, alipofungua shuka nikaangalia ukutani, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, leo nichomeni mara moja mmalize, mimi siyo ng'ombe wa chanjo," daktari Ludovick akacheka, na mimi nikacheka, Mungu wangu, nilicheka... "Ila leo utulie mama, mara ile ulitikisika," anasema daktari, na hilo neno ni langu, nilimpa mimi, siku aliyoinua macho kwenye hadubini akauliza, Eva, mbona zimekauka hivi, nikasema mama alitikisika nikaziweka chini nimshike, akaamini, mimi si ndiye wa rozari shingoni, akamweleza mama hivyohivyo, akaandika arudi baada ya wiki mbili, hakurudi, nyumbani walimwambia ingekuwa saratani hospitali wangeiona siku ileile, miezi minane, na namba yake ya simu ilikuwa kwenye daftari, ukurasa naujua, sikupiga, nikasema labda kaenda kwingine, labda kimeyeyuka, nikamwachia Mungu, kama vile Mungu ndiye aliyeajiriwa kushika chupa ya spiriti... Jumamosi nimeungama, nikataja hasira, nikataja kusinzia kwenye misa, hili nikaliruka, padri akanipa Salamu Maria tatu, tatu tu, nikatembea hadi nyumbani Kimandolu najiona mwepesi, mnafiki mimi... sindano imeingia, anaisogeza mbele na nyuma, mama hatikisiki hata kope, kauma ncha ya shuka, sasa anaiachia anigeukie, "Nisamehe mwanangu, mara ile niliwaharibia kazi, mwili wangu ni mwoga, hata sikumbuki nilitikisika saa ngapi," mimi ndiye ninayeombwa msamaha, miezi minane anaulaumu mwili wake kwa kosa ambalo halikufanyika, anautafuta kichwani mtikisiko wa siku ile na haupo, "Usijali mama," mdomo wangu unajibu wenyewe, umezoea, daktari ananipa kioo, nimekitumbukiza, hata sekunde haikupita, "Safi Eva," safi, kumbe ni jambo dogo hivi, la kukunja kiganja, na mwezi wa tano lingekuwa dogo hivihivi, anavuta ya pili, mama bado amelala, bado ananitazama asikie kama nimemsamehe, na nikinyamaza sasa atakwenda na lawama hiyo, atajibiwa saratani na atasema ni mimi, nilitikisika, atawaambia na wanawe... hapana, wanifukuze, kwaya wasikie, Fransiska asikie... "Mama, hukutikisika. Daktari, naomba ukimaliza usitoke, mnisikilize wote wawili."