Koo la Boma la Marchant

Katika miaka yote minne ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Boma la Marchant halikupiga hata mtumbwi. Mizinga yake mitatu ilielekezwa baharini kuisubiri meli ya Kaskazini, na meli ya Kaskazini, kwa kukosa adabu, ikapita upande wa pili wa kisiwa. Kilichobaki leo ni tuta la udongo la mviringo, refu kuliko watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine, limeota nyasi na vichaka vya mikindu, na ndani yake mna shimo pana walimosimama wapiga mizinga wakipigana na mbu. Kwa kuwa kisiwa cha Wassaree ni bapa kama sinia, tuta hilo ndilo mlima wa wakazi wake. Kila mzaliwa wa hapo amewahi kuliteremka akiwa amekalia boksi, na wengi wana makovu ya kuthibitisha.

Abednego Deas alikuwa na kovu lake gotini. Alikuwa na miaka sabini na sita, mwendeshaji kreni mstaafu, shemasi wa kanisa la Mount Nebo, na mtu asiyetoka nje bila viatu vilivyong'arishwa. Jambo moja tu lilikuwa limebaki kumnyima raha duniani, nalo lilikuwa kibao.

Kibao kipya cha chuma kilikuwa kinakwenda kusimamishwa mbele ya boma, na maneno yake yalikuwa tayari: "Boma hili lilijengwa na Kapteni Aurelius Marchant kwa siku kumi na tisa."

"Siku kumi na tisa, peke yake," Abednego alimwambia Hollis Marchant, wakiwa wamekaa barazani kwa Hollis na bakuli la karanga za kuchemsha katikati yao. "Mungu alitumia sita, lakini Mungu hakuwa na jongo kwenye vidole vya miguu."

Hollis, kitukuu wa kapteni, alikuwa mfamasia mstaafu mwenye miaka themanini na mwenyekiti wa chama cha historia cha kisiwa. Alimenya karanga taratibu. "Kusema mtu amejenga hakumaanishi alishika sepetu, Shemasi."

"Basi useme nani alishika. Babu wa babu yangu aliitwa Prince. Yeye na wenzake ishirini na tisa walitolewa kwenye mashamba ya mpunga, wakaletwa hapa kwa mashua, wakachimba. Kapteni wako alikuwa kwenye kiti chini ya turubai, anapepewa."

"Hayo ni masimulizi ya ukoo wenu. Masimulizi si nyaraka. Nimekuandikia hivyo mara ngapi?"

"Mara nne. Na mara ya tatu ulikosea jina langu."

Abednego alikuwa amesoma shule ya jioni miaka saba baada ya zamu za bandarini, na alijua vizuri tofauti ya madai na ushahidi. Ndiyo maana jibu lile lilimuuma. Mtumwa asiyeruhusiwa kujifunza kuandika angeacha nyaraka gani? Lakini Prince alikuwa ameacha kitu kingine, na habari zake zilipita kwa bibi yake Abednego, mdomo kwa sikio.

"Hollis, nisikilize. Maboma mengine ya pwani hii yamekwenda na vimbunga. Hili lipo. Kwa nini?"

"Kwa sababu kapteni alikuwa mhandisi hodari."

"Kapteni alitaka mchanga mtupu. Prince na wenzake walijenga kama walivyojenga kingo za majaruba maisha yao yote. Ndani tope la bwawani lililoshindiliwa, nje mchanga wa kumfurahisha mzee. Na kwenye kona ya chini wakalaza gogo la mberoshi lililotobolewa, maji ya mvua yatoke. Bibi aliliita koo. Linatokea upande wa kijito, penye kisiki cha mwaloni. Umewahi kuona maji yametuama mle ndani?"

"Maji huzama mchangani."

"Chini ya mchanga ni tope. Hayazami popote. Yanatoka."

"Basi chimba unionyeshe."

"Chama chako kilipitisha mtu akichimba ashtakiwe."

Hollis alicheka mpaka karanga ikampalia. Alipomaliza kukohoa akasema, huku akijiona mkarimu, "Sikiliza. Siku utakayonionyesha maji yanaingia kwa kapteni na kutokea kwa Prince, nitaliandika jina hilo kwenye kibao kwa mkono wangu. Lakini isipite siku ya sherehe ya boma, Aprili. Jumatatu yake maneno yanakwenda kiwandani."

Abednego alimwaga ndoo ishirini za maji kwenye ile kona. Upande wa kijito, penye kisiki, udongo ulivuja. Hollis alikuja, akatazama, akasema udongo ule huvuja tangu alipokuwa na nywele. Maji hayana jina, alisema.

Nyumbani kwa Abednego, mkewe, Vashti, aliyafikiria hayo akiwa anageuza wali mwekundu jikoni. "Yape rangi," alisema.

"Rangi gani?"

"Nina sufuria tatu za maji ya viazisukari vyekundu."

Waliyamwaga asubuhi na mapema na kumpigia Hollis simu. Maji mekundu yalitokea penye kisiki kama yalivyotakiwa, yakakaa dakika tano, mkondo wa bahari ukayachukua. Hollis alifika baada ya dakika arubaini. Alikuwa anatafuta meno yake.

"Nimeyaona kwa macho yangu," Vashti alimwambia.

"Bi Vashti, nakuheshimu sana. Lakini wewe ni mke wa mlalamikaji."

"Na wewe ni kitukuu wa mshtakiwa," Vashti akajibu, "na meno yako yako juu chini."

Siku ya sherehe ilifika na jina la Prince halijaingia kwenye kibao. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, nyasi zinateleza. Wanaume kumi wa maigizo ya vita walikuja wamevaa sare za sufu za kijivu, matumbo yamezidi vifungo, wakivuta mzinga mdogo wa magurudumu. Kwa kuwa wazee walikuwa wamelalamika mwaka uliopita, Hollis aliagiza choo cha plastiki, kile cha kubebwa na lori, akakiweka ndani kabisa ya boma, pale chini penye shimo la mizinga, kisionekane kwenye picha.

Abednego alivaa suti yake ya kijivu na viatu vyake vyeupe vya kanisani. Alikuwa amekuja kushindwa akiwa nadhifu.

Baada ya hotuba, mzinga ulipandishwa juu ya njia ya mteremko inayoshuka ndani ya boma, ukajazwa baruti bila risasi, ukaelekezwa baharini. Sajini Purvis, mwuza magari siku nyingine zote, alitoka chooni akifunga mkanda, akaja kutoa amri. Ukalia. Ndege wote wa bwawani wakaruka. Mzinga nao ukarudi nyuma kidogo, ukafikiri, halafu magurudumu yakashika nyasi zenye maji na ukateremka kinyumenyume kuelekea ndani ya boma, askari kumi wakiukimbiza na kusihi.

Ulikipiga choo katikati. Kilikuwa kitu cha kwanza kupigwa na mzinga wa Boma la Marchant tangu dunia iumbwe.

Choo kilianguka na mlango chini. Tangi likapasuka, na ile dawa ya buluu, buluu ya kutisha, pamoja na michango ya chama kizima cha historia, ikatambaa sakafuni mwa boma na kuelekea kwenye kona ya chini. Watu wakafunika pua. Purvis alikuwa ameshika kichwa, anahesabu dakika alizokuwa ametoka mle ndani.

"Leteni sepetu," Hollis aliamuru. "Funikeni kwa mchanga, haraka."

Wanaume wanne walishuka na sepetu. Abednego alikuwa ameshaona. Alitazama viatu vyake vyeupe, kwa muda mfupi lakini kwa huzuni ya kweli, kisha akashuka na kusimama katikati ya kona, buluu ikampanda hadi kwenye visigino.

"Asiguse mtu," alisema.

"Shemasi, toka humo, umesimama kwenye, jamani, umesimama ndani yake," Purvis alisema.

"Najua nimesimama kwenye nini. Hollis."

Hollis alikuwa juu ya tuta na leso puani.

"Hollis, tembea mpaka penye kisiki. Nenda sasa hivi, meno unayo."

Wazee wawili walitazamana. Kuna watu ambao wangejifanya hawakusikia. Hollis Marchant alikuwa na kasoro nyingi, lakini neno lake alilitoa barazani kwake, akila karanga, na hakuwa mtu wa namna hiyo. Alizunguka tuta kwa fimbo yake, na wageni wote wakamfuata, maana hakuna aliyetaka kubaki ndani.

Abednego alibaki peke yake. Alisikia chini ya soli zake mvuto mdogo, kama mtu anayekunywa supu. Dimbwi lilianza kupungua.

Dakika kumi zikapita. Halafu akasikia sauti ya Vashti kutoka upande wa kijito, wala hakupaza.

"Hollis, hiyo ni rangi gani?"

Fimbo ilisikika ikichokoachokoa tope.

"Nakuuliza wewe, mfamasia."

"Buluu," Hollis alisema.

Kwa wiki nzima hakuna aliyenunua kaa wa kijito kile.

Jumatatu Hollis alikuja na karatasi nyumbani kwa akina Deas, akakataa kukaa. Alikuwa ameandika kwa mkono: "Boma hili lilijengwa na Prince na wenzake ishirini na tisa, watumwa wa mashamba ya mpunga, kwa ufundi wao wa kingo na mifereji. Kapteni Aurelius Marchant alisimamia."

Abednego aliisoma mara mbili. "'Alisimamia'?"

"Niachie hiyo, Bednego."

"Alikaa."

"Niachie."

Akamwachia.

Kibao kilizinduliwa Juni. Abednego alisimama mstari wa mbele na suti ya kijivu. Viatu vyeupe Vashti alikuwa amevisugua kwa kila kitu alichokijua, na vilikuwa vimebaki buluu hadi kwenye visigino.

Hollis aliviangalia. "Umevivaa makusudi."

"Hizi," Abednego alisema, akisogeza mguu mmoja mbele ili wapiga picha wauone, "ni nyaraka."