Machozi ya Televisheni

Mama Su-rin alipofariki, mumewe hakulia. Watu wa mtaa wetu walilisema jambo hilo kuliko walivyoisema supu waliyokunywa msibani. Mzee Pyo Chang-sik alikaa kando ya picha ya mkewe, utepe wa wafiwa mkononi, akimwinamia kila aliyekuja kusujudu, macho makavu kama jiwe. Binti yake Su-rin alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka. Kila mara alikuwa akimtupia baba yake jicho, nami nilipoliona jicho lile nikajua hapo pana neno.

Mimi ni mke wa Gi-tae. Mama mkwe wangu ana saluni karibu na soko hapa Taebaek, na mimi ndiye ninayeosha vichwa. Yeye na marehemu walikuwa chanda na pete tangu enzi za mgodi, wakati mji wetu ulipoishi kwa mkaa. Kila alasiri Mama Su-rin alikuja saluni kutazama marudio ya tamthilia, ijapokuwa jioni iliyopita alikwisha kuitazama kwake. Akiwa kwake alilia. Akiwa kwetu alitueleza kwa nini alilia, akalia tena.

Mzee Pyo alikuwa akimcheka. "Yule mwanamke analipwa ili alie," alimwambia. "Wewe unalia bure." Kisha alichukua kofia yake akatoka kwenda kucheza sataranji na wazee wenzake, wale ambao vumbi la mkaa bado limo vifuani mwao, na ukiwasikia wakipanda ngazi utadhani wanakokota magunia.

Tamthilia ya wakati ule ilimhusu mshonaji wa kiwandani, Jeong-im, aliyemtoa mtoto wake mchanga kwa familia yenye uwezo, kisha akatumia nusu ya maisha yake kumtafuta. Tunajua, ni hadithi ile ile kila mwaka, wanabadilisha nguo tu. Lakini tuliitazama. Mama Su-rin hakuimaliza. Asubuhi moja ya theluji alikuwa akisuuza kabichi, mshipa ukampasuka kichwani. Alifikishwa hospitali akipumua, ila hakuzinduka tena.

Msiba ulipokwisha, Su-rin alirudi Wonju anakofundisha chekechea. Mzee akabaki peke yake. Baada ya wiki chache tukamwona mlangoni pa saluni, kofia mkononi. Mwanamume haingii saluni yetu. Alisimama pale, akamuuliza mama mkwe wangu kwa nini Jeong-im anamkimbia binti aliyemtafuta miaka yote ile.

Kisha mteja mmoja, kichwa kizima kimejaa vibanio, akasema, "Kaka, si ulisema analipwa?"

"Analipwa," mzee akajibu. "Lakini nataka kujua."

Mama mkwe akamvutia kiti karibu na jiko, akammiminia chai ya shayiri, akamweleza kisa chote tangu mwanzo. Tangu siku hiyo akawa mtu wa saluni. Alituambia kwamba nyumba ilikuwa imenyamaza mno, akawasha televisheni ili apate sauti ya mtu, na mwisho akajikuta anamsubiri Jeong-im kama ndugu. Wanawake walimtania, wakamwita dada Pyo, wakamuuliza lini atatengeneza nywele. Alicheka kidogo akaendelea kutazama. Kulia hakulia.

Huko Wonju, Su-rin alikuwa na mzigo wake. Aliachana na mumewe zamani, analea binti mmoja, Da-on, aliyekuwa hajaanza shule ya msingi. Siku ya msiba alimwacha mtoto kwa rafiki, akamwambia kwamba Bibi amepelekwa hospitali ya mbali, atarudi maua ya mlimani yakichanua. Mwenyewe alinisimulia baadaye kwamba maneno yale yalimtoka tu, hakuyapanga. Lakini uongo ni kama ng'ombe, ukishamfuga lazima umtafutie majani. Akaanza kubadilisha hadithi. Kila kitabu cha watoto ambamo mama anakufa au anapotea, Su-rin alimrudisha. Korongo mzee hakufa, alisinzia. Yatima alimkuta mama yake sokoni. Huko chekechea nako watoto waliokwisha kusomewa vitabu vile walimkatiza: "Mwalimu, si hivyo."

Kulikuwa na hadithi moja isiyo ya kitabu. Mama Su-rin alimsimulia binti yake alipokuwa mdogo, kisha akamsimulia mjukuu. Fisi maji mmoja aliingia chini ya barafu ya mto kuwatafutia wanawe samaki. Tundu aliloingilia likaganda nyuma yake. Wanawe wakakaa juu ya barafu wakisubiri hadi majira yakabadilika, mto ukafunguka, na njaa ikawaingiza majini. Wakavua wenyewe. Yule mkubwa akagawa samaki, na kwa mazoea akaweka kando kipande cha mama. Hadithi iliishia hapo. Ya Su-rin haikuishia hapo. Katika ya Su-rin, mama fisi maji alichomoza na samaki mdomoni, wote wakala wakashiba.

Majira ya kuchipua yalipofika, Su-rin alipata mafunzo ya kikazi ya siku kadhaa. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, ikambidi amlete kwa babu yake. Alimkanya mzee mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto hajui na asijue. Mzee aliitikia kwa kichwa. Alijua kumpikia mtoto viazi na kumfunga kamba za viatu, ila mchana ulipokuwa mrefu alimleta saluni, akamtandikia magazeti sakafuni achore.

Siku ambayo Su-rin alikuwa anakuja kumchukua mwanawe ndiyo siku Jeong-im alipokufa. Alikuwa kitandani hospitali, na yule binti yake, aliyekwisha kujua ukweli, anakimbia kwenye korido ndefu, kiatu kimoja kimemvuka. Alipofungua mlango, shuka lilikuwa limeshafunika uso. Saluni nzima tulikuwa tunajifuta kwa taulo za wateja. Ndipo niliposikia sauti nyuma yangu, kama mtu anayekohoa akashindwa kumaliza. Mzee Pyo alikuwa amejifunika uso kwa kofia na mabega yanamtikisika.

Da-on aliacha kuchora, akaenda kumshika goti. "Babu, unalilia nini?"

"Yule mama amekufa."

"Atarudi?"

"Hapana."

Mtoto akafikiri. "Kama mama fisi maji? Bibi alisema hakurudi. Mama anasema alirudi na samaki."

Mzee aliishusha kofia. Nadhani wakati ule hakukumbuka onyo lolote, alisikia tu kwamba mkewe anabishiwa. "Bibi yako alisema kweli," akasema. "Hakurudi."

Su-rin alikuwa mlangoni na mkoba wake. Sijui alifika saa ngapi, lakini alisikia ya kutosha. Alinipa ishara nimtoe mtoto, nikampeleka uani tunakoanika taulo. Ukuta wa huko ni mbao tu, na kila kitu kinasikika.

"Mama yangu alilazwa pale, watu wakaja wakaondoka, hukumtolea hata chozi moja," Su-rin alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Leo unamlilia mwanamke wa kwenye kioo, mbele ya watu. Tena unamwambia mwanangu nilichokukataza."

Nikasikia mama mkwe akizima televisheni.

"Kaa chini, Su-rin."

"Sikai, Mama Gi-tae."

"Basi sikiliza umesimama." Mama mkwe wangu si mtu wa maneno mengi. Hata mimi niliyeolewa kwake nilikuwa sijawahi kumsikia akiyasema yale. "Enzi zetu, mume akiwa shimoni, mke halii. Ukilia unamfungulia kifo mlango. Hata uumwe jino, unameza. Na mume naye halii, maana anayelia leo kesho miguu haitamshusha. Mnalijua hilo nyinyi mliosoma?"

Nikasikia mkoba wa Su-rin ukiwekwa sakafuni.

"Shimo lilipomwangukia mume wangu, nilikaa pale langoni pamoja na wenzangu. Hawajamtoa. Sasa nikilia si nimeshamzika? Nikawa nimekauka, hata maji hayapiti. Mama yako akanivuta kwa nguvu hadi kwake, akawasha televisheni. Kulikuwa na tamthilia, mtu na mchumba wake, sijui wanaachana. Akaniambia, 'Lia, Mama Gi-tae. Haya ni machozi ya televisheni, hayahesabiki.' Nililia mpaka kipindi kikaisha. Kikaja kipindi cha kilimo, wanaonyesha namna ya kupanda vitunguu. Nikakililia na hicho."

Mmoja wa wateja alicheka, kicheko kikageuka kuwa kilio.

"Tangu hapo ikawa desturi yetu. Wanawake wa mgodini tulikusanyika jioni, tukalia kila mtu na lake. Wanaume wakatucheka. Na huyu baba yako, ndiye aliyemfukua mume wangu kwa mikono yake. Nilimtazama usoni nikitafuta chozi, hata mimi. Halikuwapo. Kesho yake alishuka shimo lile lile, kwa sababu wewe ulikuwa unakua na unakula. Mtu wa namna hiyo, mkewe amekufa, unataka ajue pa kulilia?"

Kisha Su-rin akauliza, "Ni kweli, baba?"

"Mimi hayo ya desturi siyajui," mzee akasema. "Nilijaribu pale msibani, mwanangu. Nilijaribu. Hayakuja."

Nilisikia kiti kikivutwa, nikajua Su-rin amekaa.

Nilisahau kwamba hata mtoto ana masikio. Da-on alikuwa amesimama ameegemea ubao, taulo mkononi. Kabla sijamshika alikwisha kusukuma mlango akaingia. "Bibi naye hatarudi?" akauliza. Hakumuuliza mtu maalumu.

Mzee alifungua mdomo. Su-rin akamwinulia mkono. "Acha, baba. Uongo ni wangu." Akapiga magoti mbele ya mwanawe sakafuni, kwenye nywele zilizokatwa, akamwambia kwamba Bibi alikufa wakati wa theluji, kwamba hakuna hospitali ya mbali, na kwamba alimdanganya kwa sababu yeye mwenyewe aliogopa kulisema neno hilo.

Mtoto hakulia. Alimpiga mama yake kifuani kwa taulo ile, halafu kwa ngumi. "Ulisema maua yakichanua. Yamechanua. Niliyaona kwenye basi, nikayahesabu." Su-rin hakuzishika zile ngumi. Alizipokea mpaka zikaisha.

Su-rin aliomba ruhusa kazini akabaki Taebaek. Alitusimulia siku zile kwa shida. Da-on hakupokea wali kutoka mkononi mwa mama yake, alikula cha babu tu. Hakumwita tena mama. Akitaka kitu alisema, "Mwalimu, naomba maji." Akisimuliwa hadithi aliziba masikio. Mama mkwe alimwambia Su-rin asimbembeleze wala asimkaripie, apike tu, aweke mezani.

Jumapili walipanda kaburini. Nilikwenda nao kubeba kikapu cha matunda na chapati nyembamba za unga mweusi alizozipenda marehemu. Mlima ule ni mkali kwa kifua cha mzee. Alisimama mara kwa mara, na Da-on alikuwa akimsukuma mgongoni kwa viganja viwili. Tuta la kaburi lilikuwa bado na mabaka, majani hayajashika. Tukasujudu. Mtoto alitutazama, akafanya kama sisi.

Kisha akaanza kuuliza. Bibi anasikia baridi? Hasikii, babu akasema. Ana njaa? Hana. Anajua kwamba tumekuja?

"Hilo silijui," mzee akasema.

Da-on akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya saluni alimtazama mama yake usoni. "Wewe unajua?"

Niliona Su-rin akitafuta neno. Alikuwa nayo mengi, kazi yake ni maneno. "Sijui, mwanangu," akasema. "Natamani kujua, lakini sijui."

Mtoto akalipima jibu hilo. Alisogea akamwegemea mguu, na Su-rin akasimama bila kujitikisa, kama mtu aliyetuliwa na ndege begani. Mzee Pyo alikuwa amechutama akikwanyua magugu. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, na hakuyafuta.

Hayakurudi yote kama zamani. Mpaka leo, Su-rin akifungua kitabu, Da-on humuuliza kwanza, "Ndivyo kilivyoandikwa, au umebadilisha?" Su-rin ameniambia kwamba swali hilo humchoma kila mara, na kila mara hulijibu.

Mzee alimfuata mkewe majira mengine ya baridi, mapafu yalipochoka. Safari hiyo Su-rin hakumwacha mtoto kwa mtu. Alimwambia asubuhi ile ile, kwa neno lenyewe, wakapanda basi pamoja. Mimi nilikuwa napanga viatu vya wageni mlangoni pa msiba walipofika. Da-on aliingia ameshikwa mkono na mama yake, macho yamevimba, akaniuliza yeye avue vyake wapi.