Katani Haisokotwi Mezani

Binti yangu Cheryl aliniapia langoni mwa shule yao hapa Nechells, huku kwa Waingereza, kwa kile Kiingereza chake cha puani, kwamba nikifunua paja mbele ya darasa atasema hanijui. Ana miaka kumi, mdomo wa mia.

Wiki hiyo kila mtoto alikuwa akionyesha sanaa ya kwao. Cheryl alitaka nitundike kiondo, kile kikapu chetu cha katani, ukutani, niseme kimetoka Kenya, niende zangu. Yaani niombe ruhusa kazini kutwa nzima nije nitundike kitu kama koti? Mama yangu alinifunza kusuka vyondo kule Kitui, na uzi wa kiondo husokotwa kwenye paja tupu. Basi. Nilivaa kaptura chini ya sketi, maana mimi pia nina adabu zangu.

Mwalimu wao, Bwana Lakhbir, aliniwekea meza na kiti. Nikamshukuru, nikaketi sakafuni, nikanyoosha miguu na kupandisha sketi. Cheryl akajificha nyuma ya kabati la rangi. Moyo uliniuma, sitaficha, lakini mkono ulikuwa umeshaanza: nyuzi mbili za katani, mate kidogo, kiganja mbele, kiganja nyuma.

Watoto wakataka kujaribu. Wakasokotea juu ya suruali, katani ikateleza.

"Ngozi!" nikawaambia. "Katani haitaki nguo."

Bwana Lakhbir akaona atoe mfano. Akakunja suruali, akasokota kwa nguvu zote. Nilitaka kumwonya kuhusu zile nywele za mguuni, nikachelewa. Ukelele wake ulimleta mwalimu mkuu mbio, akamkuta ameshikamana na uzi wake mwenyewe, watoto hoi kwa kicheko.

"And who is this lady?" mwalimu mkuu akataka kujua mimi ni nani, akiyakodolea macho magoti yangu.

Bwana Lakhbir alikuwa bado anang'oa katani. Mimi nikatazama kabati.

Cheryl akatoka. Akashusha soksi, akaketi kando yangu, akachukua nyuzi mbili na kuzitemea mate.

"Ni mama yangu," akasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu aanze shule hunijibu Kiingereza tu. Kisha akawageukia wenzake, akawaambia wote wanakosea: "And you're all doing it wrong."

Naye alisokota kinyume, uzi ukafumuka wote. Mimi, ninayemsahihisha hata mchungaji akiomba, nilifunga mdomo wangu.