Amina Arobaini na Tatu

Programu ya simu ya kanisa lao la Roseville, Marekani, ilikuwa fahari ya Lynette, na kusema kweli alijisifu nayo kupita kiasi. Siku za kazi aliandika programu za watu wengine katika ofisi moja ya Eagan. Hii ya kanisa aliitunza bure, kwa mapenzi. Kila ujumbe wa muumini ulikaa ndani ya kisanduku chake, mstari mmoja tu, na visanduku vyote vilikuwa na kimo kimoja. Aliyeguswa na ujumbe alikigonga kisanduku kwa kidole, na hapo hapo Amina moja ikahesabiwa. Maneno yakizidi mstari, yalikatwa, vikabaki vinukta vitatu. Lynette aliona ndivyo inavyopasa. Wakenya wenzake waliandika “Mazoezi ya kwaya saa kumi” na mambo yakaisha.

Watu wa Kongo waliosali nao hakuwafikiria hata kidogo.

Jumatano moja ya mwezi wa tano, baada ya maombi ya jioni, Mama Emérance alimfuata jikoni kanisani, akaufunga mlango. Emérance alikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali moja ya Minneapolis, mama wa watoto watatu, Nshuti akiwa wa kwanza, mtu ambaye kicheko chake hukitangulia kichwa chake mlangoni. Siku hiyo hakucheka. Alieleza kwamba mama yake mzazi, Bibi Uwineza, aliyemwacha katika kambi ya wakimbizi miaka kumi na mmoja iliyopita, angefika Jumamosi kwa ndege ya saa nane mchana. Alikuwa ameandika kwenye programu tangu Jumapili kuwaomba watu waende uwanjani wampokee kwa nyimbo, maana kwao mzazi hapokewi na mtu mmoja kama kifurushi. Alikuwa amepata Amina arobaini na tatu, na hakuna hata mmoja aliyesema atakuja.

“Lynette, binti yangu, batu bamechoka na sisi?” aliuliza. “Kama tunabasumbua, sema tu.”

Lynette alitoa simu yake akautafuta ujumbe. Akaona: “Bwana asifiwe wapendwa, mimi mama Nshuti…” na vinukta vyake vitatu. Mwaliko wote ulikuwa umebaki chini ya vile vinukta. Watu arobaini na watatu walikuwa wamesalimiwa, wakaitikia kama watu waliolelewa vizuri, wakaendelea na shughuli zao. Aibu ilimshika Lynette kuanzia shingoni hadi masikioni.

Alimweleza kwamba hakuna aliyemchoka, ila hakuna aliyesoma. Kisha, kwa haraka ya watu wa ofisini, akamshauri aufupishe: aandike tu, njooni airport Jumamosi saa nane. Emérance akamtazama kama aliyeambiwa aingie nyumba ya watu bila kupiga hodi.

“Niombe batu kitu, na sijabasalimia?”

Basi Lynette akajitolea kutangaza yeye mwenyewe. Hilo nalo likakataliwa, kwa upole lakini likakataliwa: mwaliko hutoka kinywani mwa mwenye shughuli. Mwanamke huyu alikuwa amengoja miaka kumi na mmoja. Hakuwa tayari kumpokea mama yake kwa njia ya mkato. Ikabidi kisanduku ndicho kijirekebishe.

Lynette akafungua kompyuta yake palepale kwenye meza ya jikoni, Emérance akabandika chai. Lynette aliondoa kile kimo alichokuwa amekikaza kwa mkono wake mwenyewe, akaiachia simu ipime yenyewe kulingana na maneno. Akaondoa na sharti la mstari mmoja. Alipojaribu, ikawa vurugu: visanduku vimebaki vifupi vilevile, na salamu za Emérance zimemwagika juu ya tangazo la Kiprop, kiongozi wa kwaya. Emérance akasema sasa amekuwa mtu wa kukalia wenzake, na kwa mara ya kwanza jioni ile akacheka.

Lynette aliwaza vikombe viwili vizima. Kumbe maandishi alikuwa ameyafunga kwenye ukingo wa juu wa kisanduku, na kulia, na kushoto; chini hakufunga. Simu ingejuaje maneno yanaishia wapi? Akayafunga na chini, akajaribu tena. Kisanduku kikanyooka taratibu, mstari baada ya mstari, hadi kumi na mmoja.

Ndipo akausoma ujumbe kwa mara ya kwanza. Emérance alikuwa amesalimia nyumba kwa nyumba: Mchungaji Callixte na watu wake, Mama Nkatha aliyemfundisha kuendesha gari kwenye theluji, Kiprop na kwaya yake. Mstari wa saba ulisema, “na Lynette wetu, mwenye alituweka sisi wote mu telefone.” Lynette alisoma jina lake, jina alilokuwa amelikata mwenyewe, akaweka kikombe chini. Emérance akamsukumia bakuli la mandazi.

Toleo jipya likatumwa likakaguliwe na wenye duka la programu. Alhamisi kimya. Ijumaa mchana likaingia kwenye simu za watu, na jambo likawa jambo. Nkatha alibadilishana zamu hospitalini. Kiprop akasema gari la kanisa litatoka saa saba kamili, anayechelewa atapanda basi. Callixte aliuliza ni mlango gani. Ukurasa sasa ulikuwa na visanduku virefu na vifupi, bila mpangilio wowote, na Lynette aliupenda kuliko mwanzo.

Jumamosi saa nane na nusu, watu zaidi ya sitini walikuwa wamejaa kwenye njia ya kutokea abiria, vitenge na jezi za mpira pamoja, wakiimba hadi wasafiri wengine wakasimama kupiga makofi. Bibi Uwineza akatokea kwenye kiti cha magurudumu, mdogo, mfuko wa karatasi za safari umekumbatiwa kifuani. Alipouona umati ule, alimshika mkono mhudumu wa uwanja aliyekuwa akimsukuma, akamwashiria amsogeze ukutani. Akajikunyata hapo kumpisha mheshimiwa aliyedhani yuko nyuma yake.

Emérance akapita katikati ya watu mbio, akapiga magoti mbele ya kiti. Bibi alimpapasa uso kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka, kisha akanyoosha kidole kwa waimbaji.

“Banangoja nani?”

“Banangoja weye, mama.”