Somo la Kukaa Kimya

Mtu aliyejipatia riziki kwa mdomo wake maisha yote, halafu uzeeni akaambiwa atafaulu kwa kunyamaza, ana haki ya kulalamika kidogo. Mama huyu alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa mpaka alipostaafu. Mumewe alishafariki, binti yake wa pekee aliishi ng'ambo, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba friji ikianza kunguruma alihisi amepata mgeni. Ndiyo maana akaenda chuo kikuu. Watu walimsifu kwa kiu ya elimu. Kiu ya elimu wapi! Ulikuwa upweke tu.

Alijiandikisha shahada ya taaluma za elimu. Shemeji yake alimuuliza atafundisha shule gani, mama akamweleza kwamba shahada hiyo inahusu jinsi watu wanavyojifunza, wala haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Shemeji akataka kujua sasa inamfanya nani, naye akabadilisha mazungumzo. Lakini masomo aliyakabili. Falsafa ya elimu aliipenda, saikolojia ya mtoto akaimeza, takwimu ikamtoa kijasho chembamba, ila alipita. Wanafunzi wenzake, ambao angeweza kuwazaa, walimwita Mama Shahada. Walimchekea vizuri, na kipindi kikiisha waliondoka pamoja bila yeye.

Likabaki somo moja la lazima, la kumtazama mtoto. Unapewa darasa, unachagua mtoto mmoja, unakaa nyuma muhula mzima ukiandika anachofanya na anachosema. Sharti lake halina mchezo: mtazamaji haongei na mtoto, hamsaidii, hamchekei. Akilivunja, somo linafutwa na atalirudia mwaka unaofuata. Na mwaka huu ndio ambao binti yake aliahidi kuja kwenye mahafali. Huko nyuma safari zake zilikuwa zikiahirishwa, mara kazi, mara nauli, na hata akipiga simu huwa ana haraka. Safari hii alikuwa ameshaomba likizo. Mama alikwisha kufua mashuka ya chumba cha wageni mara mbili, na hakuna aliyeyalalia.

Alipangiwa darasa la pili. Mwalimu wa darasa, mwanamke mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati, aliwaonya wanafunzi siku ya kwanza kwamba yule mama wa nyuma asisemeshwe wala asiamkiwe, wamchukulie kama hayupo. Wakatii kuliko walivyowahi kutii jambo lolote. Mama akamchagua msichana wa dawati la mwisho, aliyevaa sweta lililommeza mpaka vidole. Wengine walibanana kwenye madawati ya mbele, lakini hakuna aliyekaa naye. Mwalimu alisema huyo haongei, tangu aje hajasikia sauti yake, na kwamba anangoja nakala ya ripoti ya mama ili amhamishie shule ya watoto wasioweza kusema. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amechoka.

Basi wakakaa nyuma wawili hao, kila mmoja na kimya chake. Mama akajua jinsi mtoto alivyokata kifutio vipande vipande na kuvipanga wawili wawili, na jinsi kila asubuhi alivyosogea mwisho wa benchi kumwachia mtu nafasi, na mtu asije. Jioni akiwa nyumbani alisoma maelezo yake kwa sauti kubwa, mradi tu kuwe na mtu anayeongea.

Wiki ya mwisho, wakati wa mapumziko, darasa zima lilimwagika uwanjani. Msichana alibaki kitini, kwa hiyo mama naye akabaki. Mtoto alikuwa akivuta uzi wa sweta. Halafu, bila kugeuka, akasema kwa sauti ndogo lakini safi kabisa:

"Na wewe wamekataa kukusemesha?"

Mama alitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akalifikiria sharti, akayafikiria mashuka. Kisha akamjibu, neno moja tu. Mtoto akaitikia kwa kichwa, hakushangaa hata kidogo. Akasogea mwisho wa benchi, na mama akaenda kukaa.

Yote hayo aliyaandika kama yalivyotokea. Mhadhiri, kijana mwenye adabu zake, aliisoma ripoti akashusha pumzi.

"Mama, si ungeandika swali la mtoto, jibu lako ukaliacha? Nani angejua?"

"Nikiandika kauliza halafu kimya, watasema anaongea peke yake. Watamhamisha kwa hilo pia."

Mhadhiri alikubali kwamba nakala ifike kwa mwalimu wa darasa, na alisema ripoti nzuri namna ile hajapata kuiona. Lakini kanuni hakuitunga yeye. Somo likafutwa. Mwakani atapangiwa shule nyingine na mtoto mwingine.

Binti yake alipopiga simu, mama alimweleza yote bila kupambapamba. Binti akauliza kama basi aifute likizo. Mama akasema ni juu yake, mahafali hayapo. Binti akaanza kukasirika. Alisema hakuelewa mtu mzima anawezaje kuvunja kitu cha miaka yote hiyo kwa sababu ya mtoto wa watu.

"Kwani alikuuliza nini mpaka ikabidi umjibu?"

"Aliniuliza kama na mimi wamekataa kunisemesha."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ndiyo."

Upande wa pili ukawa kimya. Miaka ya kuunganisha simu kwenye swichibodi ya hospitali ilimfundisha mama kutofautisha laini iliyokatika na mtu aliyekosa la kusema. Laini haikuwa imekatika. Akavuta kiti, akakaa, akangoja na simu sikioni.